Tupa ya kioo na msasa wa maji kwa kucha za mpiga gitaa

Haya, wapiga gitaa wenzangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni uzi wa kwanza. Huu ni ukucha wa kidole cha kati. Mmesikia hicho kimkwaruzo kinachotangulia sauti? Sasa kidole cha shahada, uzi uleule. Sauti nene, laini, kama imepakwa mafuta. Ukucha mmoja nimeumalizia kwa tupa ya chuma, ile inayokuja na kikata kucha. Mwingine kwa hivi hapa: tupa ya kioo na kipande cha msasa.

Tupa hii niliinunua Kariakoo kwa shilingi 8,000, na nimekaa nayo miezi saba sasa. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Chembe zake ni ndogo mno na zimelingana, ndiyo maana inasaga ukucha bila kuuchana. Ukucha ni tabaka juu ya tabaka, na meno ya tupa ya chuma yanazichambua. Baada ya siku chache ncha inaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Hii unaiosha, unaifuta, basi. Ila ikianguka kwenye vigae imekwisha. Ya kwanza niliipoteza hivyo, kwa hiyo hii inalala kwenye kibweta cha miwani.

Tupa peke yake haitoshi, jamani. Nenda duka la rangi za magari, ulizia msasa wa maji namba 2000. Karatasi moja ukiikata vipande unakaa nayo miezi. Pitisha ncha ya ukucha juu yake kwa mwelekeo uleule unaopigia uzi, kisha jaribu kwenye soksi ya nailoni. Ikinasa, rudia. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanalaumu gitaa.

Urefu sasa. Geuza kiganja kikutazame, inua vidole usawa wa macho. Ukucha uchungulie juu ya nyama milimita 1 hadi 2, gumba lizidi kidogo. Ukizidi hapo unanasa kwenye nyuzi na mkono unakuwa mzito. Kupiga kwa nyama tupu nako kupo. Francisco Tárrega, yule mpiga gitaa Mhispania, miaka yake ya mwisho alipiga bila kucha. Mimi napenda nyama iguse uzi kwanza, halafu uzi uteleze juu ya ukucha na kuachiwa. Ndiyo maana upande ambao uzi unaingilia hautakiwi kuwa na kona hata kidogo.

Na kama unafuata mtindo wa Katanga, kule Kongo, wa mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952, gumba na shahada ndivyo vinavyofanya kazi yote. Basi una kucha mbili tu za kuzitunza, zitunze kwelikweli.

Maji nayaogopa kuliko nyuzi. Mwaka jana nilifua mashuka mchana, jioni nikaenda kupiga harusini. Kucha zilikuwa zimekunywa maji, zimelainika, na wimbo wa pili tu ukucha wa kidole cha pete ukachanika hadi kwenye nyama. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mjue nilisubiri kiasi gani. Iliniuma sana. Siku hizi nafua na glavu, na siku ya shoo sigusi beseni.

Kucha za bandia za saluni zinastahimili nyuzi za chuma, hilo nakubali. Lakini wakati wa kuzitoa wanakwangua ukucha wako hadi unabaki mwembamba kama karatasi. Kwa nyuzi za nailoni, sikushauri.

Tupa hii naipa 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa huko kuvunjika. Sasa ngoja niuweke sawa huu wa kidole cha kati, kioo kwanza, halafu msasa… Haya. Uzi wa kwanza tena, sikilizeni.