Ushauri wa kazi kwa wahitimu wa sosholojia Mombasa: somo lina uzito, ufuatiliaji ni dhaifu

Kituo ninachokizungumzia kimo katika ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Moi Avenue, na Jumamosi asubuhi hutoa ushauri wa kazi kwa wahitimu wa masomo ya jamii kwa ada ya shilingi 1,500. Nilihudhuria pamoja na mdogo wangu, aliyehitimu sosholojia na aliyekuwa amechoshwa na jamaa wanaomuuliza shahada hiyo itampatia kazi gani. Kijana asiye na kipato akitoa kiasi hicho ana haki ya kujua mapema atakachokipata, na ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii.

Kinachonifanya nikipendekeze kituo hiki ni kwamba washauri wake hawakuanza na orodha ya vyeo. Walianza kwa kumuuliza kila mhitimu ni kazi gani ya nyanjani aliyowahi kuifanya kwa mikono yake, awe alihoji wachuuzi wa Kongowea au aliandika ripoti ya mafunzo ya nje ya chuo, kisha wakamwonyesha ni ofisi zipi zinazohitaji ujuzi huo. Mshauri mkuu, afisa mstaafu wa urekebishaji tabia ambaye sote tulimwita Mama, alitumia sehemu kubwa ya asubuhi kueleza jinsi afisa wa probesheni, yaani anayesimamia wakosaji walio nje ya gereza, anavyoandaa ripoti ya kijamii kwa ajili ya mahakama. Afisa huyo humhoji mshtakiwa, huizuru familia yake, humsikiliza aliyetendewa kosa na kuzungumza na wazee wa mtaa, halafu humweleza hakimu kwa maandishi kama mtu huyo anafaa kupewa dhamana au kutumikia adhabu nje ya gereza. Alitukumbusha kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 1998 kuhusu huduma kwa jamii, yaani kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa, inaruhusu adhabu hiyo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, na kwamba mahakama haiwezi kuitumia vyema sheria hiyo bila mtu anayejua kuisoma familia na mtaa. "Mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "hiyo hojaji uliyoiandika chuoni ndiyo mwanzo wa ripoti hii." Alipogusia kazi ya maafisa wa watoto na kesi zinazosikilizwa katika mahakama ya watoto ya Tononoka, nilimwona mdogo wangu akiandika bila kuinua kichwa.

Somo la pili lilihusu ardhi, na kwa maoni yangu hilo pekee linatosha kuhalalisha ada. Mshauri aliyelitoa amefanya kazi na timu zinazotathmini athari za miradi kwa mazingira na jamii, tathmini ambazo msingi wake ni sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na ambazo husimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Alichukua mfano ambao kila mtu wa Mombasa anaufahamu, yaani nyumba bila shamba, ambapo nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Barabara ikipangwa kupita hapo, kuna mwenye kiwanja, mwenye nyumba, mpangaji wa chumba na mama anayepika mahamri barazani, na kila mmoja anapoteza kitu tofauti. Mhandisi anaweza kupima eneo, lakini kubaini nani anaishi kwa kutegemea nini, na kuhakikisha kwamba mpangaji na mama wa mahamri hawaachwi nje ya daftari la fidia, ni kazi ambayo mwanasosholojia amesomea. Sijawahi kusikia thamani ya shahada hii ikielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Njia nyingine walizipitia haraka, ila kwa ukweli. Walisema wazi kwamba kazi ya rasilimali watu ina sheria yake ya mwaka 2012 na mitihani yake ya kitaalamu, kwamba ushauri nasaha nao unadhibitiwa na sheria ya mwaka 2014, na kwamba shahada ya sosholojia peke yake haimfikishi mtu darasani kama mwalimu wa sekondari. Walimhimiza kila mhitimu ajifunze KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya utafiti kwa simu, na angalau programu moja ya takwimu, wakitoa mfano wa sensa ya mwaka 2019, ambayo majibu yake yalikusanywa kwa vifaa vya kidijitali badala ya karatasi. Mafunzo ya kazini ya miezi 12 chini ya Tume ya Utumishi wa Umma pia yalitajwa.

Upungufu wa kwanza ni kwamba katika mji unaoishi kwa bandari, hakuna aliyesema lolote kuhusu kampuni za uchukuzi, hoteli au viwanda vya Changamwe, ilhali huko nako kuna kazi za mahusiano na jamii na ustawi wa wafanyakazi. Upungufu wa pili umeniudhi zaidi. Ada inajumuisha kusahihishiwa wasifu na barua ya maombi, lakini mdogo wangu alipotuma zake hakujibiwa, na nilipopiga simu niliambiwa tusubiri, tukasubiri hadi tangazo la kazi aliyoilenga likafungwa. Huduma iliyolipiwa lazima itolewe, hasa kwa kijana ambaye kila tangazo linalompita lina uzito kwake. Vilevile hawakueleza kwamba cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi kina ada na foleni yake, jambo ambalo mtu angependa kulijua kabla hajaitwa kwenye mahojiano.

Anayetaka kwenda na aende na ripoti zake za nyanjani, kwa sababu mazungumzo yote yanajengwa juu ya ripoti hizo, na asikubali kuondoka kabla wasifu wake haujasahihishwa papo hapo. Wanaotoka Likoni wawahi feri, maana kikao huanza saa tatu kamili na somo la Mama ndilo la kwanza.