Uzoefu wangu: dawa ya kutu na sakafu ya Beetle iliyooza

Dawa ya kutu ni nzuri na nitaendelea kuinunua. Lakini kama sakafu ya gari lako imefikia pale ambapo bisibisi inapenya kwa kusukumwa na mkono tu, usinunue hata kopo moja kabla hujapata fundi wa kukata na kuchomelea. Nimeitumia kwenye Volkswagen Beetle ya 1970 iliyoliwa vibaya, na nimemlipa fundi wa bodi hapa Mombasa afanye kile ambacho dawa haikiwezi.

Gari ni la baba mdogo. Kijana wa enzi zake aliyemiliki Beetle alitembea kifua mbele, maana ndilo lililoshinda Safari Rally ya 1962. Pwani haikulihurumia: hewa ya chumvi, feri ya Likoni, kisha miaka ya kulala chini ya makuti bila kuwashwa. Kabla halijanifikia, gereji moja ilikuwa "imelitengeneza" kwa kupiga mabati kwa riveti juu ya bati lililooza, kisha ikapaka lami nyeusi chini. Kwa nje lilionekana zima. Nilipoinua kapeti, maji yalikuwa yamefungiwa kati ya matabaka mawili na kutu ilikuwa inavunjika kwa vipande kama maandazi makavu. Kazi ya namna hiyo inaniudhi sana, kwa sababu anayekaa juu ya kiti hicho ni mtu, na reli ya kiti imeshikwa na sakafu hiyo hiyo.

Kwa wasiolijua Beetle: sakafu yake ni vipande viwili, kushoto na kulia, vilivyochomelewa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati. Betri inakaa chini ya kiti cha nyuma, moja kwa moja juu ya sakafu, na asidi ikidondoka huanzia hapo. Maji ya mvua nayo huingia kwenye raba za vioo zilizokauka, yakatuama chini ya kapeti. Kwa hiyo pembe za nyuma na miguuni kwa dereva ndiko kunakooza kwanza.

Sasa dawa yenyewe. Niliyotumia ina tanini, ile ile iliyomo kwenye chai ya rangi. Ikikutana na kutu hufanya kitu kipya cheusi kilichoshika chuma, ambacho unaweza kukipaka rangi. Unasugua kwanza kwa brashi ya waya hadi magamba yote yatoke, unaosha mafuta kwa sabuni, unaacha pakauke, unapaka nyembamba. Nyekundu inageuka zambarau, halafu nyeusi. Inapendeza kuitazama, na hapo ndipo wengi wanapodhani kazi imekwisha.

Nilikijaribu kipande kilichokatwa kutoka pembe ya betri, ambako kutu ilikuwa nene. Nilipaka mara mbili, nikaacha hadi kesho yake, kikawa cheusi tii. Nilipokigonga kwa nyundo ndogo, gamba lilibanduka zima: juu ngozi nyeusi, chini unga mwekundu ule ule. Dawa inageuza kile inachokigusa. Haifiki chini ya gamba, na haiwezi kurudisha chuma ambacho hakipo tena. Ukipaka faiba au puti juu yake umefunika shimo tu.

Fundi alinifurahisha kuanzia hatua ya kwanza. Kabla ya kuwasha grainda alitoa betri, akang'oa tangi na kumwaga petroli yote, kwa sababu bomba la petroli la Beetle hupita ndani ya ule mgongo wa katikati, na cheche ikitua hapo ni balaa. Nilipomuuliza kama kweli kuna haja, alinijibu, "Bwana, moto hauna subira." Kisha akachomelea bomba la pembe nne katika uwazi wa kila mlango, kutoka upande wa bawaba hadi upande wa kitasa. Mihimili ya chini ya milango ilikuwa imelegea, na bila kuishikilia, bodi ingejikunja na milango isingefunga tena. Alipima nafasi za reli za viti, akaandika kwa chaki ukutani, ndipo akaanza kukata, upande mmoja kwanza, hadi alipokuta chuma kinachong'aa.

Tulibishana kidogo kuhusu bati. Alikuwa na bati la zinki tayari. Mimi nilitaka jeusi la geji 18, karibu milimita 1.2. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea fundi homa usiku, na welding haishiki vizuri. Alikubali. Kwa kuchomelea alitumia mashine ya MIG, ile inayotumia waya badala ya vijiti, doa moja hapa, doa jingine mbali, akiacha papoe ili bati lisijipinde. Mashine ya vijiti kwenye bati jembamba hivi hutoboa mashimo, kwa hiyo uliza mashine kabla ya kuuliza bei. Pale bati linapolaliana, alipaka praima ya zinki ndani kabla ya kufunga, maana ukishachomelea hufikii tena.

Ndipo dawa ilipopata kazi yake halali: ubavu wa mgongo wa katikati, ambao ulikuwa na vishimo vidogo lakini mzima, na kona ambazo grainda haiingii. Hapo imefanya vizuri mno. Juu yake tulipaka praima ya epoksi, tukaziba viungo, tukamalizia andakoti kwa chini na nta ndani ya mihimili. Dawa peke yake haizuii maji, lazima ifunikwe.

Gharama? Bati ni rahisi. Unacholipia ni mikono na muda, na kazi ilichukua muda mrefu kuliko fundi alivyoahidi. Sijutii shilingi hata moja. Mvua za masika zimepita, na nikiinua kapeti napata pakavu.

Kasoro moja imebaki. Sakafu ya kiwandani ilikuwa na matuta yaliyokandamizwa kuipa ugumu, na fundi wangu hana mashine ya kuyapiga, kwa hiyo bati jipya ni bapa na linavuma kwenye barabara ya vumbi. Ameongeza vipande viwili vya chuma cha pembe chini na mvumo umepungua, haujaisha. Kama unaweza kupata sakafu iliyotengenezwa maalum kwa Beetle, yenye matuta yake, lipia hiyo hata kama itabidi uiagize.