VFD ya IP66 kwenye mashine ya kusaga: uzoefu wangu, Makorora, Tanga

Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Makorora, mota ya kilowati 11. VFD hii, yaani kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, yenye kasha la IP66 (IP ni namba ya kinga ya kasha dhidi ya vumbi na maji), ina miezi minane kwangu, na ile ya zamani siitaki tena hata kwa bure.

Ya zamani ilikuwa IP20. Muuzaji aliniapia kwamba inafaa kinu chochote. Haifai. Ile 2 maana yake kidole hakipiti. Vumbi linapita litakavyo. Mwezi wa tatu ikaanza kukata kila mchana kwa joto, wateja wamepanga madebe nje. Fundi alipofungua kifuniko tukakuta unga umeshiba kwenye mapezi ya kupoza, na kwa unyevu huu wetu wa pwani umeganda kama ukoko wa ugali. Nikanyoosha mkono niubandue.

"Mama, ngoja! Bado ina umeme."

Breka ilishazimwa, lakini mita yake ikasoma volti mia tatu na kitu. Kapasita za ndani hubaki na chaji. Unazima, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu chake, halafu unapima kabla ya kugusa. Nilitetemeka mpaka jioni.

Hii mpya haijakata hata mara moja. Mapezi yako nje, nayafuta kwa brashi kila tukifunga. Bei ni karibu mara mbili, vitufe vigumu, na glendi za kebo (vibano vya kuziba tundu kebo inapoingilia) zilizokuja nayo zilikuwa hafifu. Tulizibadilisha, maana tundu moja likilegea, IP66 imekwisha.

Msishushe mwendo ovyo. Feni ya mota imefungwa kwenye shafti ileile, kwa hiyo mota ikienda polepole feni nayo inapuliza kidogo, na mota inachemka. Sisi hatushuki chini ya hezi 35 ikiwa na mzigo.

Tena IP66 ni ya kuzuia vumbi na maji yasiingie tu, si kibali cha kufunga kifaa penye vumbi la kulipuka. Unga ukitanda hewani unaweza kulipuka kwa cheche. Ndiyo maana VFD tuliifunga chumba cha pili, nyuma ya ukuta. Na kijana wangu alizoea kusafisha mota kwa kompresa. Unga wote unapaa, mwingine unasukumwa kwenye beringi. Nimekataza kabisa. Kompresa yenyewe nimemuuzia jirani anayejaza upepo bodaboda.