Begi la huduma ya kwanza la "vipande 120": begi lenyewe safi, shida ni tarehe

Nimekaa na hili begi miaka miwili na ushee, kwa hiyo hii sio ile riviu ya mtu aliyefungua mzigo leo asubuhi anaandika "limefika salama asanteni nyota tano". Nimelitumia, likaniangusha, nikalijaza upya kwa mkono wangu, sasa naweza kulisema.

Nianze na uzuri wake. Zipu mbili zinakutana katikati, ukifungua linalala wazi kama daftari unaona kila kitu, mifuko ya ndani ni ya plastiki inayoonyesha kwa hiyo huanzi kupapasa gizani, na kitambaa cha nje maji hayapenyi kirahisi. Hapo sina neno. Mkasi nao mkasi kweli, unakata jinzi, halafu ncha ya chini ni butu ili ukipitisha kwenye nguo ya aliyeumia usimchome tena. Hivyo viwili mpaka leo viko kama siku ya kwanza.

Sasa hiyo 120 jamani. Nilimwaga vyote kitandani nikahesabu: plasta 60, na nusu yake ni zile ndogoo za kidole cha mtoto, vijiti vya pamba 20, vitambaa vya spiriti 12, pini 10. Tayari 102 na bado hujaona kitu cha kuzuia damu! Zilizobaki ndo gozi, bandeji, utepe, mkasi, kibano, glavu (jozi moja ila imehesabiwa mbili) na kikaratasi cha maelekezo, nacho ni kipande eti. Ukiona begi linajisifia kwa idadi, uliza kwanza gozi ni ngapi na bandeji ni ngapi.

Ila hilo ningelisamehe. Kilichonileta hapa ni tarehe.

Kwenye boksi la nje wamebandika kwamba mwisho wa matumizi ni 2028. Mimi nimenunua mwanzoni mwa 2023, nikasema poa, miaka mitano sina presha, nikalitupia kwenye buti la gari na ndo ikawa basi. 2025 mdogo wangu akajikata kiganja na kioo cha dirisha, damu inachuruzika mpaka kiwiko, nakimbilia gari najiona daktari kabisa. Napasua kitambaa cha spiriti cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu kama risiti. Navuta glavu, kidole gumba kikatokeza nje, imechanika kama ngozi ya kitunguu. Plasta nikajaribu kuibandika kwenye mchubuko wa pembeni, ikakaa sekunde mbili tatu afu kona ikaanza kuinuka taratiiibu kama inaniaga.

Tukaenda zetu bombani, tukasafisha na maji yanayotiririka, tukaangalia vizuri hakuna kipande cha kioo kilichobaki ndani, afu nikachukua gozi ambayo paketi yake ilikuwa nzima haijatoboka, nikakandamiza, mkono juu, dakika 10 bila kuchungulia. Hapo kwenye kuchungulia ndo tunapokoseaga, kila ukiinua gozi uone kama imekata unaibandua ile damu iliyoanza kuganda unaanza upya. Ikakata.

Usiku nikakaa na taa ya simu nasoma paketi mojamoja. Vitambaa vya spiriti: 11/2024. Yaani vilishakufa wakati boksi la nje bado linaniahidi 2028! Ile tarehe kubwa ya nje ni ya kitu kinachodumu kuliko vyote, na mimi nilikuwa nahitaji kujua kinachodumu kidogo kuliko vyote. Wangeweka tarehe ya mwisho ya mwenye haraka, sio ya mwenye subira.

Nusu ya lawama ni yangu, sikatai. Buti la gari likikaa juani ni oveni. Glavu za mpira wa latex hazipendi joto, zinakuwa ama za kunata ama za kukatika, na gundi ya plasta nayo inachoka. Spiriti yenyewe inatoroka kidogokidogo hata kama paketi unaiona imefungwa. Siku hizi begi liko kabatini ndani ya nyumba, sio bafuni kwenye mvuke, na glavu nimebadilisha nimeweka za nitrile, aina nyingine ya mpira isiyo latex.

Kingine, alama. Kwenye paketi utakuta kipicha cha glasi ya mchanga, ile ya kupimia muda, tarehe iliyo pembeni yake ndo mwisho wa kutumia. Kipicha cha kiwanda ni tarehe ya kutengenezwa, na wanaviweka jirani kwa maandishi ya saizi ya siafu, mimi nilisoma ya kiwanda nikidhani ndo hiyo nikataka kutupa gozi nzima nzima. Namba 2 iliyokatwa mstari maana yake ni cha kutumia mara moja tu. Ikiandikwa mwezi na mwaka bila siku, ni mpaka mwezi huo uishe. Hayo yote kikaratasi chao hakisemi, kimejaa picha za watu wanatabasamu wamefungwa bandeji.

Nikawaandikia waliotengeneza, nikauliza kwa adabu kabisa kama wanauza vya kujazia, vitambaa tu na glavu. Nikajibiwa niagize begi jipya. Yaani begi zima, mkasi wa pili, zipu ya pili, kwa ajili ya vitambaa 12. Hapo ndo nyota zikaanza kudondoka.

Dawa za kumeza hazimo humo na ni sawa tu, niliongeza mwenyewe nikafanya kosa la kijinga: nilikata vidonge kwenye bamba ili vienee, kile kipande chenye tarehe kikabaki kwingine. Vidonge viko nane havina kwao havina umri, nikavitenga. Siku hizi naweka bamba zima na naanza kutoa upande usio na maandishi. Na kama una aspirini za zamani, fungua unuse, ikinukia siki imeshaanza kuharibika. ORS nayo, ule unga wa kuchanganya na maji mtu akiharisha, ukishika paketi ukasikia mabonge badala ya unga, ujue unyevu umeingia. Maji ya chumvi ya kuoshea vidonda chukua vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja, maana chupa kubwa ukishaifungua sio safi tena hata kama tarehe iko mbali. Dawa zilizoisha muda nawapelekea famasi, sio chooni.

Bandeji zilizopita muda sijatupa, tunafanyia mazoezi na watoto, wanafungana vichwa sebuleni kama zile mumia za Misri.

Nilichofanya mwisho ni kubandika utepe mweupe kwenye mfuniko wa begi, nikaandika kwa maka peni tarehe MOJA, ile ya karibu kuliko zote, na jina la kitu chenyewe. Sasa hivi imeandikwa "vitambaa, mwezi wa 8". Simu inanikumbusha mwezi mmoja kabla. Na anayetoa kitu anaandika kwenye karatasi iliyo ndani, ingawa shemeji yangu anachukua plasta kama anachukua pipi na kalamu haioni. Kazi nzima dakika 15, ambayo kiwanda wangeifanya kwa stika moja.

Kwa hiyo ukiniuliza nunua au acha: kama una vitu vyako tayari na unatafuta begi tu, chukua, hutajuta. Kama unataka kununua leo ukasahau mpaka siku ya ajali, hapana, au angalau kabla hujalipa omba ufunguliwe usome paketi za ndani. Muuzaji akikukatalia, liache hapohapo.

Nyota tatu. Moja ya begi, moja ya mkasi, moja ya ile gozi.

Nimesahau kibano. Kinateleza, mwiba mdogo hakiushiki, tumia cha kung'olea nyusi.