Uzoefu wangu na TBC Taifa, redio niliyoikuta ikiitwa RTD

Vijana ninaofanya nao kazi wanazijua FM zote za mjini, namba wanazo kichwani, lakini TBC Taifa, redio ya taifa ya Tanzania, hawajawahi hata kuitafuta. Mimi sijaiacha tangu utotoni, na kila nikiulizwa kwa nini, jibu linakuwa refu, basi leo nimeamua kuliandika. Kwa kifupi, ni redio iliyobadilishwa jina na sura mara nyingi, na bado inamhesabu mtu wa kijijini kuwa msikilizaji wake halali. Kwangu mimi hilo lina thamani kubwa kuliko sauti safi na watangazaji wachangamfu.

Ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, kituo cha majaribio cha serikali ya kikoloni ambacho hakikusikika mbali na mji wenyewe. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC, yaani shirika lenye bodi yake. Baada ya Uhuru serikali haikuridhika na mpango huo. Ilitaka chombo cha kujenga taifa kiwe mkononi mwake, na Julai 1965 shirika likavunjwa, redio ikawekwa chini ya wizara na kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Hiyo ndiyo RTD, na ndiyo niliyozaliwa nikaikuta.

Kwetu ni Nachingwea, kusini mwa Tanzania. RTD ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo mikoani, Mwanza, Mbeya, Arusha, Dodoma, Kigoma, na mmoja ulikuwa kwetu, kwa hiyo tulisikia vizuri wakati sehemu nyingine watu walikuwa wanahangaika na mikwaruzo. Babu alikuwa na redio ya mbao inayotumia betri kubwa. Betri zikianza kuchoka, sauti ikishuka, alizitoa mchana na kuzianika juani juu ya ungo, kisha jioni anazirudisha moja moja huku anazifuta kwa kanga ya bibi. Zilipata uhai kidogo, wa kutosha taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mazungumzo baada ya habari. Muziki ulisubiri betri mpya. Hapo ndipo nilipojifunza ni kitu gani wazee walikiona cha lazima na kipi cha ziada.

Na Nachingwea haikuwa mahali pa kawaida, kwa sababu wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo pale. Kwenye Idhaa ya Nje, RTD iliwapa nafasi ya kutangaza wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZANU, ZAPU. Matangazo yalivuka Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, bila pasi ya kusafiria. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, wazee wa kwetu waliipokea habari ile kama jambo la nyumbani, maana waliwajua vijana walioondoka pale. Nikisikia mtu anasema redio ya serikali ilikuwa ya propaganda tu, huwa namkumbusha hilo. Ilikuwa ya serikali kweli, na ilisema kile serikali ilichotaka kisemwe. Lakini kulikuwa na watu Soweto na Tete waliokuwa wakiitafuta kwa siri, wakijua wakikamatwa wataumia.

Kama ningeulizwa nichague kipindi kimoja kilichonifunga kwa redio hii, nisingetaja muziki wala mpira. Ningetaja matangazo ya vifo. Msomaji alianza kwa jina la marehemu, akaendelea na mahali mazishi yatakapofanyika, halafu ndiyo inakuja ile sehemu ya "habari ziwafikie": ziwafikie fulani wa Masasi, fulani wa Tanga, fulani wa shamba la mkonge la huko huko, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Nyumba nzima ilinyamaza. Mara nyingi hatukumjua aliyetajwa, lakini tulisikiliza mpaka mwisho, maana barua ingechukua wiki na simu ilikuwa posta mjini. Mjomba wangu alipata habari ya msiba wa mama yake kwa njia hiyo, akiwa kibaruani mbali, na akawahi mazishi kwa lori la korosho. Sijui huduma gani nyingine ingetufanyia hivyo wakati ule.

Upande wa elimu, wa miaka yangu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, kiongozi akiwa na kitabu chake, wanasikiliza kipindi, wanajadili, halafu wanatoka kwenda kufanya kazi. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Choo cha nyumbani kwetu kilichimbwa kwa ajili ya kipindi cha redio, na sijawahi kuona tangazo la biashara lenye nguvu ya namna hiyo. Miaka 20 baadaye, 1993, ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, na Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, akawa anatajwa vijiweni kama jirani yetu. Mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo kwa miaka ya mwanzo, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Matokeo yalionyesha kuwa waliosikia walibadilika zaidi.

Muziki wa dansi nao una deni kubwa kwa RTD pale Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Nchi haikuwa na kiwanda cha sahani za santuri, basi studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mlango wa bendi zote: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, baadaye Vijana Jazz na DDC Mlimani Park. Bendi ilipiga pamoja, wote kwa mkupuo, na mashairi yalipitiwa kabla ya wimbo kuruka hewani. Kanda zile bado zipo katika maktaba ya redio. Hiyo ni hazina ya taifa kwa maana kamili ya neno, na natamani kila kanda ihifadhiwe kidijitali na kufunguliwa kwa wananchi, kwa sababu nyingi hazina nakala mahali pengine popote duniani.

Kisha ukaja upepo wa miaka ya 90. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na baadhi ya sauti tulizozizoea, kina Julius Nyaisanga na Charles Hilary, zikahamia huko. Nami nilihama kidogo, nakiri ladha mpya ilikuwa tamu. Kule mkoani nilikokuwa nafanya kazi kulikuwa na kituo kimoja binafsi nilichokipenda sana, kilikuwa na kipindi cha wakulima alfajiri na bei za mazao sokoni. Kikauzwa. Mmiliki mpya hakutuaga wala kutuandaa: kipindi cha wakulima kikafutwa, bei za mazao zikafutwa, pakajaa nyimbo na michezo ya bahati nasibu. Pesa ni zake na kituo ni chake, lakini sisi tuliokuwa tukipanga safari ya gulioni kwa kukisikiliza tulibaki hivi hivi.

RTD nayo ilibadilika, ila kwa mwendo wake. Ilianzisha chaneli ya FM iliyoitwa PRT, yaani Parapanda, kwa ajili ya vijana. Mwaka 2002 ikaunganishwa na televisheni ya taifa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ndipo Idhaa ya Taifa ikawa TBC Taifa na ile ya vijana ikawa TBC FM. Tido Mhando, aliyetoka BBC, ndiye aliyeliongoza shirika mwanzoni, na masikio yangu yaliona tofauti: habari zikawa fupi zaidi, sauti za wananchi zikaongezeka, studio ikachangamka.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri, majina yamepita mengi lakini mwenye mali tangu 1965 ni yule yule, serikali. Hilo lina uzito wake pande zote mbili. Wakati wa uchaguzi nasikiliza TBC Taifa pamoja na redio nyingine, kwa sababu mambo ya siasa yanataka masikio zaidi ya mawili. Lakini Bunge likikaa, au kukiwa na mafuriko, au sikukuu ya taifa, ndiyo naifungua kwanza. Kiswahili chake bado kimenyooka, na wanangu wamejifunza huko kutaja majina ya wilaya bila kuyakosea.

Anayetaka kuijaribu aanze na muziki wa zamani, zile zilipendwa, kisha abaki kusikia habari kutoka mikoani. Kwa mjini inapatikana FM na kwenye intaneti pia, ingawa intaneti inakula bando. Redio ndogo ya betri inatosha. Mpenda nyimbo mpya za Bongo Fleva kutwa nzima atachoka mapema, na TBC FM itamfaa zaidi. Mwenye wazazi kijijini namshauri aisikilize hata kwa saa moja kwa siku, kwa sababu akipiga simu nyumbani atakuta wanaongelea yale yale aliyoyasikia.