Malkia mmoja, magauni mawili

Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alipeleka kwenye maonyesho ya Paris picha ya Marie-Antoinette, malkia wa Ufaransa, akiwa na gauni jeupe la melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, na kofia pana ya nyasi. Watu wakaja juu: malkia kachorwa na nguo ya ndani! Ikaondolewa, ikaletwa nyingine: mwanamke yuleyule, waridi lilelile mkononi, ila sasa kavaa hariri ya buluu, lesi kifuani, lulu shingoni. Hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa heshima, na hariri ilikuwa riziki ya wafumaji wa mji wa Lyon, hukohuko Ufaransa. Hata hivyo mimi nachagua melimeli. Kwenye hariri naona cheo. Kwenye melimeli, kiuno kimefungwa mshipi laini tu, namwona mtu anayepumua.