Kung'arisha meno Arusha na Moshi: njia za kuchagua, kuanzia iliyo bora

Kabla ya kuuliza bei, uliza chanzo cha rangi unayotaka kuiondoa. Rangi ya chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino. Rangi ya kahawia ya wengi waliokulia Arumeru na maeneo mengine yanayozunguka Mlima Meru imo ndani ya jino lenyewe, kwa sababu maji ya huko mara nyingi yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na madhara yake hutokea utotoni, wakati jino likiwa bado linajengeka chini ya ufizi.

Kwa hiyo kinachofaa kulipiwa kwanza ni uchunguzi. Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru na KCMC ya Moshi zinatibu meno. Ukipendelea kliniki binafsi, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usione haya kuomba kuona leseni yake. Daktari makini atakuuliza umekulia wapi na ulikunywa maji gani, atalikausha jino kwa hewa na kulitazama kwenye mwanga, kisha atakagua ufizi na matundu. Anayetaja bei ya kung'arisha kabla hujafungua kinywa, muage. Saluni usizifikirie kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa huduma ya kusafisha meno na kuondoa ukoga mgumu, kwa kuwa wengi huridhika nayo na hawahitaji zaidi.

Ya pili ni trei laini inayotengenezwa kwa vipimo vya meno yako na kuvaliwa usiku kwa wiki mbili au zaidi, ikiwa na jeli ya kabamaidi peroksaidi (dawa ya kung'arisha) ya asilimia 10. Tone dogo kama punje ya mchele hutosha kila jino, na jeli inayofurika hufutwa ili isiunguze ufizi. Meno yakipata ganzi, pumzika siku moja au mbili.

Ya tatu ni kung'arishwa kliniki kwa siku moja, kwa peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40, ufizi ukiwa umefunikwa. Ni njia ya haraka, lakini huwa ghali zaidi na huleta ganzi zaidi, ilhali matokeo yake ya baadaye hayazidi sana yale ya trei.

Kwa madoa ya floraidi mpangilio hubadilika. Jeli peke yake inaweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi mwanzoni. Kinachosaidia ni daktari kusugua tabaka jembamba la juu kwa asidi na unga laini wa pumisi, kisha trei ikafuata. Magamba membamba yanayobandikwa mbele ya jino (veneers) yabaki kuwa chaguo la mwisho, kwani mara nyingi jino huchongwa, na sehemu iliyochongwa hairudi.

Mkaa, limau na magadi sizipi nafasi yoyote: mkaa hukwangua jino na limau huliyeyusha.

Mwenye jino la mbele lililozibwa amwambie daktari mapema. Peroksaidi haibadilishi rangi ya kilichozibia, hivyo kuziba upya husubiri hadi wiki mbili hivi baada ya kung'arisha, rangi ikishatulia.